Alama ya Dobi: Nukta ya Kushoto

Nukta ilikuwa upande wa kushoto.

Ni kitu kidogo, kidogo kuliko mbegu ya mchicha. Mtu mwingine angeutoa mpira shimoni, akaufuta kwenye sketi na kuendelea na safari. Lakini Dobi alibaki ameinama pale tulipomwacha wiki iliyopita, mkono umo ndani ya shimo la kumi na nne, macho yameganda kwenye mpira.

Kazi yake ni kufua na kupiga pasi. Miaka minane sasa anaweka alama kwenye nguo za watu kwa kalamu ya wino usiotoka, ili shati la mwalimu lisiende kwa kinyozi. Alama za wateja anazijua kama mama anavyojua vilio vya watoto wake. Yake mwenyewe, anayoiweka kwenye mipira yake ya gofu, ni vistari viwili na nukta. Nukta hukaa kulia. Haijawahi kukaa kushoto hata siku moja.

Mpira huu aliokuwa ametoka kuucheza haukuwa wake.

"Umeona nyoka humo?" aliuliza Nesi, mshindani wake. "Toka basi, tuendelee. Miguu yangu inanidai."

Dobi akainuka. Mpira akautia mfukoni, na hakusema kitu. Hilo halikumshangaza mtu, kwa kuwa Dobi hasemi. Tangu asubuhi alikuwa amesema maneno kama kumi, na matatu kati ya hayo yalikuwa ni shikamoo.

Kwa aliyetukuta njiani, mambo yako hivi. Haya ni mashindano ya wanawake wasio wachezaji wa kulipwa, mzunguko mmoja wa mashimo kumi na nane. Mshindi anapata kombe, na pamoja na kombe anapata nafasi ya mwaka mzima ya kusomea ualimu wa gofu. Nafasi hiyo haidai cheti chochote cha shule. Kwa Dobi, aliyeacha darasa la sita katikati ya muhula, mlango wa namna hiyo haukuwa umewahi kufunguliwa, na hakutarajia ufunguliwe mara mbili.

Alikuwa anaongoza kwa pigo moja. Nyuma yake alikuwa Nesi, na wengine wote walikuwa mbali huko.

Tatizo lilikuwa uwanja. Dobi alijifunzia gofu nyuma ya chumba cha kufulia, kwenye klabu ya kwao, ambako kila kichuguu anakijua. Huu wa leo hakuwahi kuukanyaga. Shimo la kumi na nne lilikuwa limejificha nyuma ya kilima, unapiga bila kuona mpira unakokwenda. Ndiyo maana kaka yake, aliyekuwa kedi wake, yaani mbeba mfuko na mshauri wake, alitangulia juu ya kilima kuutazama mpira ukianguka. Dobi akapiga. Mpira ukapinda kulia, ukapotea. Baada ya muda kaka akapunga taulo: upo, upo salama.

Na kweli, waliukuta umekaa kwenye majani mafupi, safi kama yai kwenye kiota.

Sasa Dobi alikumbuka mengine. Walipofika karibu na shimo, kaka ndiye aliyeuokota mpira, akaufuta na kuurudisha chini, akiwa ameigeuza alama ielekee chini. Kaka hana desturi ya kufuta mpira. Hata viatu vyake hafuti.

Kutoka shimo la kumi na nne hadi mahali pa kuanzia shimo la kumi na tano kulikuwa na hatua kama themanini, njia ya mchanga kati ya vichaka. Hatua themanini ndizo alizokuwa nazo Dobi. Sheria ya gofu ni kali lakini ina huruma ya muda. Ukicheza mpira usio wako, unaongezewa mapigo mawili, unarudi kusahihisha, na maisha yanaendelea. Lakini ukishapiga pigo la kwanza la shimo linalofuata ukiwa umenyamaza, umetoka mashindanoni. Hakuna kurudi.

Nesi alitangulia, anachechemea na kuimba kwa pua. Dobi akapunguza mwendo mpaka kaka akamfikia. Akautoa mpira mfukoni, akamwonyesha nukta.

Kaka akautazama, kisha akatazama mbele.

"Nimekosea upande," alisema taratibu. "Niliiandika jana wewe ukipiga pasi. Nilidhani hutaona."

Akamweleza kwa kifupi, bila kusimama. Mpira wa Dobi hasa ulikuwa umeingia korongoni, kwenye miiba. Aliutafuta, akamwonyesha mikono iliyochanwachanwa. Hakuuona. Dobi na Nesi walikuwa wanakaribia kilele cha kilima. Mfukoni alikuwa na ule mwingine aliouandaa kwa dharura, kama mtu anavyobeba mwavuli siku isiyo na wingu. Akauachia udondoke kupitia mguu wa suruali.

Dobi alisimama. Kaka naye akasimama, akamwekea mkono begani.

"Mdogo wangu, sikiliza. Mimi niliitwa mwizi na sikuwa nimeiba. Jina nimelibeba miaka tisa. Leo nimeiba, basi mimi na jina tumelingana. Wewe nenda kapige."

Afadhali angempiga kofi.

Kwa sababu kuna jambo kaka hakulijua, wala mtu mwingine yeyote chini ya jua. Miaka tisa nyuma kaka alikuwa kedi bora wa klabu yao. Siku ya fainali alimbebea mfuko mtu mmoja mkubwa, hakimu wa mahakama. Katika shimo la mwisho mpira wa Hakimu ulipotea mahali ambapo mpira hauwezi kupotea. Kombe likaenda kwa mwingine. Hakimu akasema kedi ameuficha, amehongwa. Hakukuwa na ushahidi, lakini neno la hakimu huhesabiwa kuwa ushahidi. Kaka akafukuzwa, akapigwa marufuku, akaenda kubeba mifuko ya saruji. Karo ya mdogo wake ikakatika, na mdogo wake akaingia chumba cha kufulia.

Mpira ule aliuokota msichana wa darasa la sita aliyekuwa anakatiza uwanja kutoka shule. Aliuona mweupe, mpya, akadhani umetupwa. Akautia kwenye mfuko wa daftari. Alipojua ulikuwa wa nani, kaka alikuwa ameshafukuzwa, na ulimi wa msichana ukafungika. Siku zikapita, ukazidi kufungika. Watu wakasema mtoto huyu ana haya. Haikuwa haya.

Mambo hayo yote yalipita kichwani mwake katika hatua themanini.

Nesi alipiga wa kwanza, mpira wake ukaenda kati. Kaka akachomoa mpira mwingine mfukoni, wa alama halali safari hii, akauweka chini, akamkabidhi Dobi fimbo. Dobi akafungua mdomo. Nesi akamgeukia, ametabasamu, anasubiri.

Mdomo ukafungwa. Akapiga.

Lilikuwa pigo zuri kuliko yote aliyopiga siku hiyo. Mpira ulikwenda kama uliotumwa dukani na mama mkali.

"Wewe mtoto," alisema Nesi, "utanifanya nirudi wodini nikajilaze mwenyewe."

Mpira wa nukta ya kushoto ulikuwa unamgonga Dobi pajani kila akipiga hatua.

Kwenye shimo la kumi na sita kiatu kilimchubua kisigino. Alijaribu kuficha, lakini huwezi kumficha nesi unavyochechemea. Nesi akamkalisha juu ya gogo, akapiga magoti mbele yake, akamvua kiatu kama mtoto. Kwenye begi lake hakukosa pamba, dawa na plasta.

Huku akisafisha kidonda alikuwa anaongea, maana Nesi akinyamaza huumwa. Alimsimulia kwamba amechoma sindano miaka ishirini na miwili. Watoto wa mtaani kwake wakimwona wanavuka barabara, na wengine wanalia kabla hajasalimia. Ndiyo maana anaitaka ile nafasi ya ualimu, aone mtoto akimkimbilia hata mara moja kabla hajastaafu.

"Lakini ukishinda wewe nitafurahi," alisema, akibandika plasta. "Utakuwa umeshinda kwa jasho lako. Kaza kiatu."

Dobi akatazama utosi wa mwanamke yule, mvi zimeanza kuchungulia kwenye misuko. Alitaka ardhi ifunguke. Haikufunguka. Ardhi ya uwanja huo ilikuwa na mipango mingine.

Maana hapo ndipo Dobi alipokata shauri lake. Mtu anayeogopa kusema hutafuta njia ya kutosema. Aliamua kushindwa. Angepiga vibaya kimyakimya, Nesi angechukua kombe, kaka asingetajwa, na yeye angerudi kwenye pasi yake. Hakuna ambaye angejua.

Kwenye shimo la kumi na saba bendera ilikuwa kushoto. Dobi akalenga kulia kabisa, kwenye tuta tupu. Kaka akashtuka, akataka kumshika mkono, akachelewa.

Mpira ukaanguka juu ya tuta. Ukasimama. Kisha ukaanza kuserereka. Tuta lile, ambalo Dobi hakulijua, lilikuwa limeinamia kushoto lote, na mpira ukashuka polepole, ukakata kona na kwenda kulala hatua mbili kutoka shimoni.

Watazamaji wachache waliokuwa pale wakapiga makofi. Mmoja akasikika akisema yule dada ameusoma uwanja kama kitabu, na angejua Dobi alikuwa analenga kushindwa, asingesema hivyo.

"Nani alikwambia siri ya tuta lile?" aliuliza Nesi. "Mimi nacheza hapa kila mwaka, sijawahi kuthubutu."

Dobi akaanza kutembea kuelekea bendera. Kaka alikuwa amemkazia macho chini ya kofia yake. Alikuwa ameelewa. Alimsogelea akamnong'oneza kwamba asimfanyie hivyo, asiitupe nafasi. Kofia yenyewe alikuwa ameivuta hadi kwenye nyusi tangu asubuhi, tangu alipomwona mwenyekiti wa kamati akisimama kufungua mashindano.

Mwenyekiti huyo alikuwa mzee mrefu, hakimu mstaafu. Ndiyo, msomaji. Ni yule yule.

Shimo la mwisho Dobi alijaribu tena kushindwa, lakini Nesi, kwa mguu wake mbovu na moyo wake mwema, aliukosa mpira wa karibu ambao hata kipofu angeuingiza. Akacheka, akajipiga kichwani, akaja kumkumbatia mshindi. Alinukia dawa na jasho. Dobi alisimama ndani ya mikono yake kama nguo iliyotundikwa.

Pigo moja. Alikuwa ameshinda kwa pigo moja.

Kilichobaki kilikuwa meza ya kadi. Kwenye gofu mwenzako ndiye anayekuandikia mapigo yako, kisha wewe unatia sahihi kwamba ni kweli. Meza ilikuwa kwenye baraza la klabu, imefunikwa kitambaa cheupe. Dobi aliona mara moja kwamba kimepigwa pasi na mtu mwenye haraka. Nyuma ya meza alikaa Hakimu peke yake, miwani puani.

Nesi akatia sahihi ya kwake, akasukuma kadi kwa Dobi. Dobi akaishika kalamu. Jina lake huliandika taratibu, herufi moja moja, na leo herufi ya kwanza ilikuwa nzito kama gunia.

"Kabla hujaandika," alisema Hakimu.

Akafungua kiganja. Akaweka mpira juu ya kitambaa. Vistari viwili, nukta kulia. Akaeleza kwamba mkata nyasi ameuokota dakika chache zilizopita, ndani ya korongo la shimo la kumi na nne, na angependa kumjua mwenyewe.

Nesi akainama kuutazama. "Si alama yako hii, Dobi?" alisema bila ubaya wowote. "Bahati yako, umeupata. Uliupoteza saa ngapi?"

Kaka akawahi kujibu, kwa sauti nyepesi mno, kwamba ulipotea asubuhi kwenye mazoezi.

"Mazoezi ya asubuhi hayafiki shimo la kumi na nne," alisema Hakimu. Hakupandisha sauti. "Wewe ndiye kedi wake? Vua kofia."

Kaka aliuweka mfuko chini. Kisha akaivua.

Mzee alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta faili kwenye kabati, na akalipata. Uso wake haukuonyesha hasira. Ulionyesha kuridhika, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Miaka tisa," alisema. "Nilijua nimeuona mkao huo wa mfuko kwenye bega la kushoto. Mwizi habadiliki, hubadilisha uwanja tu."

Nesi alipiga hatua moja nyuma. Alimtazama Dobi, kisha kaka, kisha mpira, na ile furaha ikaanza kumtoka usoni kidogokidogo.

Kaka hakujitetea. Alisema mpira mwingine aliudondosha yeye. Alama aliiandika yeye. Mdogo wake hakujua lolote, aliucheza akiamini ni wake. "Kama kuna jina la kuandika," alisema, "andika langu. Kalamu yenu inalijua."

Hakimu akaivuta kadi, akaikunja mara mbili. Kombe ni la Nesi, alisema, hilo halina mjadala. Kisha akamgeukia Dobi, na sauti ikalainika. Kamati ilikuwa na nafasi moja ya akiba ya mafunzo. Yeye binafsi haoni sababu ya kumwadhibu binti aliyedanganywa na ndugu yake. Alichohitaji ni kitu kidogo tu, maandishi mafupi. Akachukua karatasi, akaandika mistari mitatu kwa mwandiko mzuri wa mahakamani, akaigeuza.

Dobi akasoma kwa kidole. Ilisema kwamba yeye hakujua chochote, na kwamba aliyefanya udanganyifu ni kaka yake peke yake, kama alivyofanya zamani.

"Tia sahihi hapo chini, binti. Huna haja ya kusema kitu."

Huna haja ya kusema kitu. Nafasi yake iko pale, mbele yake, kwa bei ile ile aliyozoea kulipa. Anyamaze tu. Kunyamaza anakujua kuliko kupiga pasi.

Kaka akamtikisia kichwa kwa siri: andika. Macho yake yalikuwa yanamsihi. Yalikuwa macho ya mtu aliyekwisha beba mzigo mmoja na yuko tayari kuongezewa wa pili, mradi wa mdogo wake upungue.

Dobi akaiweka kalamu chini.

Akaingiza mkono mfukoni, akautoa mpira wa nukta ya kushoto, akauweka juu ya kitambaa kando ya mwenzake. Mipira miwili, nukta mbili, zimetazamana.

"Nilijua," alisema. Sauti ilitoka imekauka, hata yeye hakuitambua. "Nilijua kabla sijapiga la kumi na tano. Nesi, nisamehe. Ulinifunga kidonda na mimi nimekuibia."

Nesi alifunika mdomo kwa kiganja. Kaka akasema kwa ukali kwamba inatosha, anyamaze, anajiharibia bure. Akamshika mkono amwondoe mezani.

Dobi hakuondoka. Aliushika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akamtazama Hakimu, kwa sababu kumtazama kaka asingeweza, na akasema kile ambacho hakuwahi kukisema hata peke yake chumbani, hata kwa sabuni na maji.

"Na ule mpira wako wa fainali, mzee, kaka hakuuiba. Niliuokota mimi, nikautia kwenye mfuko wa daftari zangu. Upo nyumbani mpaka leo, ndani ya kopo la wanga, chini ya meza yangu ya pasi. Kaka yangu hakujua. Naye ndiyo kwanza anasikia."